SOMO LA MWEZI: UMEME WA PAMPU, ULIZA KABLA YA KUTIA SAHIHI



Mwezi huu somo letu si la mbegu wala la mbolea. Ni somo la umeme, au stima kama wengi wetu tunavyouita. Huenda mtu akauliza, "Umeme wahusu nini shamba langu la mtama?" Jibu ni jepesi. Mkulima wa Katilu, au wa Nawoitorong karibu na Lodwar, au wa upande wa Kakuma, hawezi kuitegemea mvua. Hutegemea maji ya mto au ya kisima. Mahali ambapo maji hayashuki yenyewe kwa mfereji hayana budi kupandishwa kwa pampu, na pampu haiendi bila nguvu. Mahindi yanapotoa mbelewele, pampu ikisimama siku nne katika jua la Turkana, mavuno yamekwenda. Kwa hiyo nguvu ya pampu ni chombo cha shamba, sawasawa na jembe.

Siku hizi wauzaji wa umeme na wa paneli za jua wafika hata vijijini. Kila mmoja ana maneno mazuri, na kila mmoja ana karatasi ya kutiwa sahihi. Wengine ni watu wa kweli wenye kazi nzuri, na wengine sivyo. Nia ya somo hili ni kumpa mkulima maarifa ya kuwapambanua. Ukumbuke jambo hili moja: usihesabu nguzo na waya tu. Uliza ni nani mwenye wajibu mbele ya sheria, bei yake imekubaliwa na nani, na umeme wenyewe utatosha pampu yako kwa saa ngapi. Aliyepata majibu ya hayo matatu anaweza kutia sahihi. Asiyeyapata na angoje kwanza.

1. UMEME UNAOPITA NA UMEME UNAOFIKA

Swali linalosikika mara nyingi barazani ni hili: "Mto ni wetu, upepo ni wetu, mbona umeme waenda kwa wengine?" Ni swali la haki, na yafaa lijibiwe vizuri.

Bwawa la Turkwel, mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, lilianza kutoa umeme mwaka 1991. Mitambo yake ina nguvu ya megawati 106. Umeme huo uliwekewa waya mkubwa wa kilovolti 220 kwenda kusini hadi Lessos, na huko ukaingia katika gridi ya taifa. Mji wa Lodwar, ulio upande wa chini wa mto huohuo, kwa miaka mingi ulipata umeme wake kutoka mitambo ya dizeli iliyo mjini.

Mfano wa pili ni mashamba ya upepo yanayoitwa kwa jina la Ziwa Turkana. Yako ng'ambo ya ziwa, katika Kaunti ya Marsabit. Yana vinu 365, na nguvu yake ni megawati 310. Waya wake wa kilovolti 400 ulikamilika mwaka 2018, nao hupeleka umeme mpaka Suswa, karibu na Nairobi.

Mfano wa tatu watoka nje ya nchi. Mwezi wa Novemba 2022 Kenya ilianza kununua umeme wa Ethiopia kwa waya wa kilovolti 500 unaotoka Wolayta-Sodo hadi Suswa. Waya huo waweza kubeba megawati 2,000. Nao pia hauji Turkana. Mwezi wa Desemba 2024 waya wa Kenya na Tanzania, unaopita Namanga, ulitiwa umeme. Hivyo nchi zetu zaungana moja baada ya moja, chini ya umoja wa umeme wa Afrika Mashariki ulioanzishwa mwaka 2005, wenye makao yake Addis Ababa.

Sasa, kwa nini waya mkubwa hauwezi kumwagilia kijiji unachopita? Ufikirie kama bomba kubwa la maji lenye mkazo mkali. Huwezi kulitoboa kwa msumari ukakinga mtungi. Umeme wa kilovolti 220 ni karibu mara elfu moja ya mkazo wa umeme wa taa ya nyumbani. Ili uteremshwe hadi kiasi cha kutumika wahitaji kituo chenye transfoma kubwa, na baada ya kituo zahitajika nyaya za kati, na baada ya hizo transfoma ndogo za mitaani. Kazi hiyo ni ya fedha nyingi, na wenye mamlaka huifanya kwanza mahali penye wateja wengi walio karibu karibu. Turkana ni nchi pana yenye watu walioenea mbali. Ndiyo sababu yafaa tujue njia nyingine pia, tusikae kungoja waya mmoja tu.

Hata hivyo, habari za mbali zatuhusu. Mteja wa Kenya Power wa Lodwar hulipa bei ileile anayolipa mteja wa Nairobi, ingawa umeme wa dizeli ni ghali zaidi kuufanya. Nchi ikipata umeme wa bei nafuu wa maji, wa mvuke au wa upepo, tozo ya mafuta katika bili hupungua. Ikichoma mafuta mengi, tozo hupanda kwa kila mtu.

2. SHERIA YA MWAKA 2019 NA WATU WAKE

Sheria kubwa ya mambo haya nchini Kenya ni Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika mwezi wa Machi mwaka huo. Mkulima hana haja ya kuijua yote. Yamtosha kuwajua watu watano wanaotajwa ndani yake.

Wa kwanza ni EPRA, yaani Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli. Huyu ndiye mwamuzi uwanjani. Hauzi umeme. Hutoa leseni, hukubali au hukataa bei, na husikiliza malalamiko. Alichukua mahali pa tume iliyokuwapo kabla yake.

Wa pili ni REREC, shirika la kupeleka umeme vijijini na kuendeleza nishati ya jua, upepo na kadhalika. Lilichukua mahali pa mamlaka ya zamani ya umeme vijijini.

Wa tatu ni msambazaji, yaani anayekuletea umeme mpaka mita yako na kukulipisha. Kwa muda mrefu watu walijua jina moja tu, Kenya Power. Sheria ya 2019 imefungua mlango: mwingine mwenye leseni aweza kusambaza pia.

Wa nne ni Serikali ya Kaunti. Katiba ya mwaka 2010 yaipa kaunti sehemu katika mipango ya kusambaza umeme, na Sheria ya Nishati yaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati. Mpango huo hauwezi kujua kwamba kikundi chenu chahitaji pampu mbili ikiwa hamkufika barazani kusema. Tangazo la mkutano wa maoni likitolewa, mpeleke mtu mwenye hesabu mkononi.

Wa tano ni Baraza la Rufani la Nishati na Petroli. Asiyeridhika na uamuzi wa EPRA aweza kwenda huko. Tutalitaja tena mbele.

3. NJIA TATU ZA KUPATA UMEME

NJIA YA KWANZA: WAYA WA KENYA POWER. Ukiwa karibu na Lodwar, Kakuma au mji mwingine wenye nyaya zake, hii ndiyo njia ya kuulizia kwanza. Lakini ujue madaraja ya bei. Katika bei zilizotangazwa na EPRA mwaka 2023, wateja wa nyumbani walitengwa mafungu matatu: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, wanaozidi 30 lakini hawazidi 100, na wanaozidi 100. Kila fungu lina bei yake, na fungu la chini ndilo la bei nafuu kabisa. Juu ya bei hiyo huongezwa tozo ya mafuta, tozo ya kubadilika kwa thamani ya fedha, asilimia 5 ya mfuko wa umeme vijijini, na kodi ya VAT. Tozo hizo hubadilika mwezi hata mwezi. Kwa sababu hiyo, shilingi zilezile hukupa uniti nyingi mwezi huu na chache mwezi ujao. Si lazima iwe mita yako imeharibika.

NJIA YA PILI: GRIDI NDOGO. Hii ni mitambo ya jua, yenye betri na mara nyingine jenereta, inayotoa umeme kwa kijiji kimoja kwa nyaya zake yenyewe. Kalobeyei, mji wa makazi uliofunguliwa mwaka 2016 kwa ajili ya wakimbizi na wenyeji pamoja, una gridi za namna hii; kampuni ya Renewvia ni mmoja wa waliozijenga huko. Serikali nayo, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 uliokubaliwa mwaka 2017, ilianzisha mpango wa KOSAP kwa kaunti 14 zilizo mbali na gridi, na Turkana ni mojawapo. Ndani ya mpango huo mna gridi ndogo, paneli za nyumbani, na pampu za jua za visima vya jumuiya.

Ujue tofauti kubwa ya bei hapa. Gridi ndogo za mpango wa Serikali zilikusudiwa zitoze bei ileile ya taifa. Gridi ya kampuni binafsi kwa kawaida hutoza zaidi, kwa sababu kampuni yarudisha mtaji wake kutoka kwa watu wachache. Hilo si kosa, maadamu bei hiyo imekubaliwa na EPRA. Lakini mkulima na aipige hesabu kabla, si baada.

NJIA YA TATU: PANELI ZAKO MWENYEWE. Sheria ya 2019 yasema kwamba mtu anayefanya umeme kwa matumizi yake mwenyewe, usiozidi megawati 1, hahitaji leseni. Megawati 1 ni wati milioni moja, na pampu ya mkulima haifiki hata sehemu ndogo ya hiyo. Kwa hiyo usidanganywe na mtu akikuuzia "leseni ya paneli". Lakini mambo mawili yazingatiwe. Kwanza, fundi anayezifunga lazima awe na cheti cha EPRA cha kazi ya sola, mwambie akuonyeshe. Pili, ukimvutia jirani waya na kumtoza fedha, hapo hufanyi tena kwa matumizi yako. Umekuwa muuzaji wa umeme, na muuzaji ahitaji ruhusa. Wakulima wakitaka kushiriki mtambo mmoja, na waunde kikundi kilichoandikishwa, kisha waulize EPRA shauri lao kabla ya kununua waya.

Huenda umesikia pia kwamba mwenye paneli aweza kumpa msambazaji umeme uliozidi. Ni kweli. Kanuni za mwaka 2024 zaruhusu, na kwa kila uniti 2 unazotoa wahesabiwa 1. Lakini hilo ni kwa mteja aliyekwisha unganishwa na waya wa msambazaji mwenye leseni. Mkulima wa pembeni asiye na waya halimsaidii bado, na asinunue paneli za ziada kwa tumaini hilo.

4. HESABU YA PAMPU

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Mtu hununua pampu kwa kuitazama rangi, au kwa kusikia kwamba jirani ana kama hiyo. Chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja.

Tuseme una eka 1 ya mahindi. Eka moja ni kama mita 4,047 za mraba. Katika joto letu, mmea mkubwa waweza kunywa maji ya kimo cha milimita 7 kwa siku. Zidisha: yapata lita 28,000. Tena maji mengine hupotea mferejini. Tuweke lita 40,000 kwa siku, yaani mitungi 2,000 ya lita 20. Usistaajabu. Ndiyo maana hakuna anayenywesha eka ya mahindi kwa ndoo.

Tuseme maji yapandishwa mita 10 kutoka mtoni hadi kichwa cha mfereji, pamoja na mkwamo wa bomba. Kazi ya kuyapandisha lita 40,000 kwa mita 10 ni kama uniti 1.1 za umeme. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa 1. Taa ya wati 10 hukaa saa 100 kuimaliza. Lakini hakuna pampu inayofanya kazi bila kupoteza nguvu. Pampu ndogo ya kawaida yaweza kutia ndani ya maji sehemu 4 tu katika kila 10 za nguvu inayokula. Kwa hiyo gawanya 1.1 kwa 0.4, upate karibu uniti 2.7 kwa siku. Kwa siku 30 ni uniti 81.

Sasa itazame hesabu hiyo katika njia tatu.

Kwa waya wa Kenya Power: nyumba yako yatumia, tuseme, uniti 20 kwa mwezi, nawe umo katika fungu la chini. Ukiifunga pampu katika mita hiyohiyo, jumla yawa uniti 101, nawe waweza kupandishwa hadi fungu la juu kabisa. Hata taa ulizokuwa ukiwasha kwa bei nafuu sasa zalipiwa bei ya juu. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha, uliza kama pampu itafaa iwe na mita yake, na katika fungu gani. Swali moja laweza kukuokoa fedha za kila mwezi.

Kwa gridi ndogo: uniti 2.7 ni kidogo, lakini waulize saa. Mtambo wa jua una nguvu nyingi mchana na hutegemea betri usiku. Pampu yako ifanye kazi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, jua likiwa kali. Kwa saa 6 hizo pampu ya wati 450 yatosha. Lakini wakulima 15 wakiwasha pamoja, ni wati 6,750 kwa wakati mmoja, na huenda mtambo mdogo ukazimika wote, kliniki na maduka yakakaa gizani. Ni lazima zamu ziandikwe, kama zamu za maji mferejini zinavyoandikwa.

Kwa paneli zako: Turkana ina jua kali kuliko sehemu nyingi za Kenya. Tuhesabu saa 5 za jua kamili kwa siku, tusije tukajidanganya. Uniti 2.7 gawanya kwa saa 5 ni wati 540. Ongeza kama theluthi moja kwa ajili ya vumbi na joto, upate wati 720 au zaidi. Paneli 2 za wati 400 zafaa. Watu wengi hudhani kwamba joto huzidisha nguvu ya paneli. Sivyo. Mwanga huzidisha, joto hupunguza. Kila paneli ikizidi joto la digrii 25 kwa digrii 10, hupoteza kama sehemu 4 katika 100. Basi usiilaze juu ya bati moja kwa moja. Acha upepo upite chini yake. Ifute vumbi alfajiri, ingali baridi, kwa maji safi na kitambaa laini. Ukimwagia maji baridi kioo chenye moto wa adhuhuri, chaweza kupasuka.

Jambo la mwisho katika hesabu: kina cha maji. Kimo kikizidishwa mara mbili, umeme nao huzidishwa mara mbili. Eka ileile ikinyweshwa kutoka kisima chenye kimo cha mita 40 itahitaji uniti karibu 11 kwa siku, si 2.7. Kwa hiyo kisima kirefu chafaa zaidi bustani ndogo ya mboga na maji ya mifugo, kuliko eka za mahindi. Mwulize afisa wa kilimo kabla ya kuchimba.

5. ARDHI YA MTAMBO

Gridi ndogo yahitaji kiwanja, na nyaya zahitaji njia. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jumuiya, na hapa yatupasa kuwa macho.

Sheria ya Nishati yamtaka anayejenga mitambo au nyaya aombe kwanza ridhaa ya mwenye ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jumuiya ya mwaka 2016 yaongeza kwamba mapatano ya mradi katika ardhi ya jumuiya yakubaliwe na theluthi mbili za mkutano wa jumuiya, baada ya mazungumzo ya wazi. Maana yake ni hii: mzee mmoja hawezi kuitoa, wala chifu peke yake, wala mwenyekiti wa kikundi peke yake. Karatasi iliyotiwa sahihi usiku chini ya mti na watu watatu si mapatano ya jumuiya. Tena ardhi ya jumuiya ambayo haijaandikishwa huwa chini ya uangalizi wa Serikali ya Kaunti kwa niaba ya wenyewe, kwa hiyo ofisi ya ardhi ya kaunti haina budi kujua.

Msiwe wakali bila sababu. Mtambo mzuri ni neema kwa kijiji. Lakini ulizeni ni kiwanja kiasi gani, ni kwa miaka mingapi, kina kodi gani, njia ya mifugo kwenda majini itabaki wapi, na mkataba ukiisha ni nani atakayeng'oa vyuma na kuondoa betri zilizokufa. Betri iliyotupwa ovyo hutia sumu udongo.

6. MASWALI SABA KABLA YA KUTIA SAHIHI

Kata sehemu hii ya gazeti, uiweke katika daftari la kikundi.

(a) Leseni yako au ruhusa yako ya EPRA iko wapi? Tuonyeshe karatasi.

(b) Bei ya uniti ni kiasi gani leo, imekubaliwa na nani, na itabadilika lini?

(c) Fedha za kuunganishwa ni kiasi gani, na tukingoja bila kuona waya zitarudishwa lini? Risiti ina jina gani?

(d) Pampu zetu zina nguvu kadha. Mtambo wako waweza kuzibeba saa ngapi kwa siku, na mawingu yakitanda je?

(e) Mtambo ukiharibika, fundi yuko wapi? Lodwar, Kitale au Nairobi? Atafika baada ya siku ngapi? Kumbuka mahindi yanayotoa mbelewele.

(f) Gridi ya taifa ikifika hapa kesho, mtambo huu na fedha zetu zitakuwaje?

(g) Mkataba umeandikwa kwa lugha gani? Usikubali kutia sahihi maneno usiyoyaelewa. Omba usomewe kwa Kiswahili au Kiturkana mbele ya watu, na nakala moja ibaki kwenu.

Mfanyabiashara wa kweli hatakasirika kwa maswali haya. Atafurahi, kwani mteja anayejua hesabu ndiye anayelipa vizuri. Anayekasirika amekwisha kukujibu.

7. MAMBO YAKIHARIBIKA

Tuseme umeme umekatika siku nyingi, au mita yahesabu isivyo, au umetozwa zaidi ya bei iliyokubaliwa. Usivunje mita, wala usijiunganishe kwa waya wa wizi. Huo huua watu, nao ni kosa la jinai. Fuata ngazi hizi.

Ngazi ya kwanza, peleka malalamiko kwa msambazaji mwenyewe, kwa maandishi. Andika tarehe, nambari ya mita, na jambo lenyewe kwa maneno machache. Omba nambari ya malalamiko, uiandike daftarini.

Ngazi ya pili, asipokujibu au akikujibu vibaya, peleka mambo EPRA pamoja na nakala za barua zako. Hapa ndipo daftari lina thamani. Mtu asemaye "umeme hukatika kila mara" hasikiki vizuri. Mtu asemaye "ulikatika siku hii saa hii, ukarudi siku ile saa ile, nami niliripoti kwa nambari hii" husikika.

Ngazi ya tatu, usiporidhika na uamuzi wa EPRA, waweza kukata rufani kwa Baraza la Rufani katika siku 30. Usikawie, kwani siku zikipita mlango hufungwa.

Kikundi chafaa kimchague mwanachama mmoja, kijana anayejua kuandika, awe karani wa umeme. Kazi yake ni kusoma mita kila Jumamosi, kuandika siku za kukatika, na kutunza risiti zote. Ni kazi ya nusu saa kwa juma, nayo ni silaha ya kikundi kizima.

MWISHO WA SOMO

Wazee wasema, haraka haraka haina baraka. Umeme ni kitu chema, na hatusemi mtu aukatae. Twasema aupokee akiwa macho wazi, kama anunuavyo ngamia: humtazama meno, humtazama miguu, humwuliza muuzaji amemtoa wapi, ndipo atoe fedha. Mito na jua ni mali yetu ya asili. Sheria imeweka njia ya kuyatumia, na imempa mkulima haki ya kuuliza. Haki isiyoulizwa hulala.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Katika kijiji chenu, maji yapandishwa mita ngapi? Pimeni kwa kamba, kisha mpige hesabu ya uniti kwa eka moja.

2. Ni njia ipi kati ya tatu inayowafaa zaidi, na kwa nini?

3. Mkipata gridi ndogo, zamu za pampu mtazipangaje ili kliniki na shule zisikose umeme?

4. Ni nani kati yenu atakuwa karani wa umeme?

5. Mkutano ujao wa maoni wa kaunti ukiitishwa, nani atakwenda, na atachukua hesabu gani?